Neno la Kumpa Mwenye Mawazo

Yapo maandishi ambayo wahakiki wetu hawayagusi, kwa sababu hayana jalada, hayana mchapishaji, na aghalabu hayana hata jina la mtunzi. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, tukaona kuwa yaliyo nje ya hayo si kazi yetu. Lakini maandishi yaliyosomwa na watu wengi mno katika miaka ya 2020 na 2021 hayakuwa ya vitabuni. Yalikuwa jumbe fupi za simu, zilizopokewa kwa huyu na kurushwa kwa yule. Matangazo ya wakubwa. Na maneno ya kebehi yaliyoandikwa chini ya picha na habari. Watu walizisoma jumbe hizo asubuhi kabla ya kunawa uso na usiku kabla ya kulala, na wengine walilala vibaya kwa ajili yake.

Katika insha hii nakusudia kuyapima maandishi hayo kama mhakiki anavyopima kitabu. Sitauliza kama yalikuwa na sayansi sahihi. Hilo waganga wamekwisha kulisemea. Nitauliza maswali matatu ambayo kila mwenye huzuni huyauliza moyoni, hata asipoyatamka. Je, hili lililonipata lina jina? Je, lina mwisho? Na huyu anayesema nami, yupo, au ni sauti tu? Nitatoa mifano ya Karatu na Ngorongoro, kwa sababu huko ndiko maneno ya wakati ule yalikopwaya kuliko mahali pengi, kama koti la kuazima.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea, maana kumbukumbu zetu zimekwisha kuchanganyika na za nchi nyingine. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alipatikana mkoani Arusha, mkoa wenye Karatu na Ngorongoro. Siku iliyofuata ilitolewa amri ya kufunga shule, kisha vyuo. Mwezi Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na katikati ya Mei zikaruhusiwa tena. Vyuo na kidato cha sita vilirudi Juni mosi, na shule zote mwishoni mwa mwezi huo. Lakini watu wetu hawakuamriwa kukaa ndani. Masoko, minada, mashamba na nyumba za ibada viliendelea. Kenya walikuwa na amri ya kutotoka nje usiku tangu Machi 27 ya mwaka ule. Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Sisi hatukufungiwa hivyo.

Basi ndugu msomaji aweza kuuliza: kama hatukufungiwa, huzuni ya Karatu ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye kufuli lililofungwa mbali. Karatu ni mji wa njiani. Barabara ya kutoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda bonde, hupita katikati ya mji na kwenda hadi lango la Lodoare, ambapo mtu huingia Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro na kuendelea hadi Serengeti. Juu ya barabara hiyo wanaishi dereva, mwongozaji, mpishi wa kambi, fundi wa magari, mfua mashuka wa hoteli, mchonga vinyago, na mama anayeuza karoti na kabichi kwa wapishi. Ndani ya Hifadhi, ambako kilimo kimekatazwa, mama wa Kimaasai hutandika shanga zake akimngoja mgeni. Wote hawa hutegemea mtu ambaye wakati ule alikuwa amefungiwa nyumbani kwake Ulaya au Marekani. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni moja na nusu. Mwaka 2020 walikuwa kiasi cha 620,000 tu. Watu wa Karatu walikuwa huru kwenda popote, ila hapakuwa na pa kwenda kufanya kazi. Wenzao duniani walifungiwa ndani. Wao walifungiwa nje.

Sasa tuyatazame maandishi yenyewe. Aina ya kwanza ni jumbe za ushauri. Hizi zilikuja kwa wingi, nyingine zikiwa tafsiri za maneno ya watu wa mbali. Zilimwambia msomaji akae nyumbani, apange kabati lake, afanye mazoezi sebuleni, asome vitabu alivyokuwa akiviahirisha, ajifunze lugha mpya, na aishukuru nafasi hii ya kuwa karibu na familia. Ukizisoma kama kazi ya sanaa, utaona mara moja kwamba zina mhusika mkuu: mtu mwenye sebule, mwenye mshahara unaoingia hata asipotoka, mwenye intaneti isiyokwisha na friji lenye chakula. Si mhusika mbaya, ila hakai Karatu. Namfahamu mwongozaji mmoja aliyetumiwa ushauri wa kujifunza lugha ya kigeni ili asipoteze muda. Anazungumza Kifaransa na Kihispania. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye.

Kosa la jumbe hizi halikuwa nia. Nyingi zilitumwa kwa mapenzi, na shangazi au shemeji aliyezituma alidhani anasaidia. Kosa lilikuwa la kiuandishi: hazikumjua msomaji wake. Mwandishi asiyemjua msomaji humfanya ajione yeye ndiye mwenye kasoro. Mtu aliyeuza pikipiki yake ili alipe kodi ya nyumba, kisha akasoma kwamba huu ni wakati wa kujipumzisha, hakufarijika. Alijiona mjinga kwa kushindwa kupumzika.

Aina ya pili ni lugha ya wakubwa, na hapa yatupasa kusema kwa haki. Uamuzi wa kutowafungia watu ndani ulikuwa na hoja yake. Mkulima wa mahindi na maharage wa Karatu, au wa vitunguu wa Mang'ola, hawezi kulima kwa kukaa ndani, na wengi waliopoteza kazi za utalii waliokolewa na shamba. Kuhusu msamiati pia, yapo yaliyofanywa vizuri. Neno barakoa lilikuwa la zamani. Lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani na wa Omani. Likachukuliwa, likapewa kazi mpya, na katika wiki chache kila mtu alilielewa, hata mtoto wa chekechea. Hivyo ndivyo lugha yenye afya inavyofanya kazi.

Lakini mwanzoni mwa Mei 2020, jumla ilipofikia wagonjwa 509 na vifo 21, hesabu zilikoma, zikakaa kimya kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Juni 2020 tukaambiwa kwamba kwa nguvu ya maombi ugonjwa umekwisha. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 2021, likaenea tamko jipya: changamoto ya upumuaji. Nawaomba wapenzi wa Kiswahili walitazame tamko hili. Upumuaji si ugonjwa. Ni kazi ya mapafu. Changamoto nayo ni neno ambalo siku hizi limemeza shida, tatizo, taabu, upungufu na balaa, likayafanya yote yafanane. Ukiyaweka mawili hayo pamoja unapata maneno yanayotoa sauti bila kutaja kitu. Ni kama kumwambia aliyeunguliwa nyumba kwamba amepata changamoto ya makazi.

Msomaji asidhani kwamba napigania usanifu wa lugha kwa ajili ya usanifu. Jambo hili liliwaumiza watu mahali penye uchungu zaidi. Katika misiba yetu, swali la kwanza la mwombolezaji baada ya pole ni: alikuwa anaumwa nini? Swali hilo si la udadisi. Ni mlango wa mazungumzo. Mfiwa hujibu, hueleza siku ya kwanza ya homa, walivyokwenda zahanati, walivyorudi, maneno ya mwisho ya marehemu. Na katika kusimulia mara ishirini kwa watu ishirini, uchungu hupungua makali. Palipokuwa hapana jina, au jina lilikuwa la kunong'ona, simulizi lilikatika katikati. Mfiwa alijibu kwa kifupi, mgeni akaitazama chini, na wote wawili wakanyamaza. Mtu aliyezika hivyo amezika mara moja kwa mwili, lakini kwa maneno hajazika mpaka leo.

Wapo waliolitaja. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini. Mwishoni mwa mwezi huo huo chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza waziwazi kwamba mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, ameambukizwa korona; alifariki tarehe 17 Februari. Yeyote awe na maoni gani ya kisiasa, aone tofauti ya kiuandishi: sentensi moja iliyonyoka iliwapa maelfu ya watu ruhusa ya kusema yaliyowapata majumbani mwao.

Aina ya tatu ni kebehi. Hii ndiyo iliyofanya watu wengine wazime simu, na wengine washindwe kuzizima. Watu wa utalii waliambiwa kwamba walijiona wazungu, sasa wakapige jembe. Aliyevaa barakoa aliitwa mwoga, na asiyevaa akaitwa muuaji. Aliyepiga nyungu alichekwa, na aliyekataa nyungu naye alichekwa. Aliyeandika kwamba hana usingizi, kifua kinambana na haoni sababu ya kuamka, aliulizwa kama amekosa kazi ya kufanya.

Wapo watakaosema: sisi ni watu wa utani, mbona unafanya dhihaka kuwa msiba? Hoja hii inastahili jibu, maana ni ya ndani ya utamaduni wetu. Ni kweli, Mchaga na Mpare, Mhehe na Mngoni, wana ruhusa ya kutupiana maneno ambayo mwingine angeyatoa angepigwa. Mtani huweza kuja msibani akaliigiza tembea la marehemu, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyo ana wajibu. Ndiye anayeshika jembe makaburini, ndiye anayechota maji na kupasua kuni. Ruhusa yake ya kukucheka ameilipia kwa jasho, na baada ya kukucheka haondoki.

Kebehi ya simu ni utani ulioondolewa wajibu. Mwenye maneno hayupo. Hakujui, hatakuja kuzika, na pengine maneno yenyewe si yake, kayaokota tu na kuyarusha mbele. Kwa sababu hiyo hayana mahali pa kujibiwa. Mtu akikutukana sokoni Karatu utamwona uso, utajua amelewa au ana machungu yake, na mama wauza ndizi watakuamulia. Neno lisilo na uso huingia ndani na kukaa, kwa kuwa halina pa kurudi. Ukilisoma saa nane za usiku, peke yako, hulisikia kwa sauti yako mwenyewe. Hapo ndipo hatari ilipo: baada ya siku nyingi mtu hushindwa kutofautisha wanayomwambia na anayojiambia.

Nirudi sasa kwenye lile swali la mwisho, yaani ukomo. Neno karantini, tulilolisikia sana, asili yake ni siku arobaini ambazo meli zilisubiri nje ya bandari ya Venice katika zama za tauni. Sisi nasi tuna arobaini zetu: ya mzazi aliyejifungua, na ya marehemu. Wairaki, ambao ndio wengi Karatu, walikuwa na desturi yao waliyoiita metimani: kaya iliyopatwa na balaa la aina fulani, kama vile vifo fulani, hutengwa kwa muda, isichangie vyombo wala kuchanganyika na majirani, hadi muda utimie na itakaswe. Sitaki kuitukuza desturi hiyo. Ilikuwa na ukali, na binti aliyepata mimba kabla ya ndoa aliweza kufukuzwa na kuteseka vibaya. Lakini tuone kilichokuwa na hekima ndani yake. Kutengwa kulikuwa na jina. Kulikuwa na sababu iliyojulikana na kila mtu. Zaidi ya yote, kulikuwa na siku ya kutoka, na siku hiyo jamii yenyewe ilikuja kukupokea.

Watu wa barabara ya Ngorongoro hawakupata siku hiyo. Kwa kuwa hakuna aliyetangaza kwamba wamefungiwa, hapakuwa na wa kutangaza kwamba wamefunguliwa. Juni 2020 waliambiwa ugonjwa umekwisha, nao wakatazama barabara ikiwa tupu vilevile. Wakaambiwa msimu ujao, ukaja, ukapita. Mtu anaweza kustahimili njaa ya miezi mitatu akijua ni mitatu. Asiyejua ni mingapi huanza kuhesabu kitu kingine: deni, ada, bati la jirani, makosa yake ya zamani.

Hali hiyo inaitwaje? Wataalamu wetu wana neno sonona, nami nalipenda, kwa sababu limechipuka kwenye mzizi tunaoujua. Kila mtu amewahi kuona mtu akisononeka. Afya ya akili ni sahihi pia, lakini mitaani lina mzigo. Mtu akisikia akili na ugonjwa katika sentensi moja, wazo lake huruka hadi Mirembe, Dodoma, na kwa mazoea mabaya Mirembe limegeuzwa kuwa tusi badala ya kuwa jina la hospitali. Kwa hiyo mwenye huzuni hukataa kabla hujamaliza kusema. Lakini mwulize kama ana mawazo, atakubali. Ana mawazo: kwa maneno mawili haya Mswahili husema kwamba huyu si kichaa, si mvivu, si mwenye imani haba, amebeba kitu kichwani na kinamlemea. Kila mtu huyaelewa, na hakuna anayeyaonea haya. Laiti wale waliotunga jumbe za ushauri wangeanzia hapo.

Na mwenye mawazo huambiwa nini? Huambiwa pole. Nimelifikiri sana neno hili. Pole haielezi wala haishauri, na haisemi kwamba kila jambo lina sababu au kwamba yupo aliye na hali mbaya kuliko wewe. Haiulizi nani mwenye makosa. Yaweza kutolewa kwa aliyejikwaa na kwa aliyefiwa, kwa mwenye homa na kwa anayetoka shambani. Tena haijakamilika yenyewe. Hufuatwa na swali, nyumbani hawajambo? watoto wanaendeleaje? umekula? Maana yake ni kwamba msemaji anakusudia kubaki asikie jibu. Kwa kipimo cha maswali yetu matatu, neno hili halina jina la tatizo wala tarehe ya mwisho, lakini lina kile ambacho maandishi mengine yote ya wakati ule yaliyakosa: lina msemaji aliyepo. Palipo na msemaji aliyepo, jina litatafutwa pamoja, na mwisho utangojwa pamoja.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba pole haijazi tumbo. Ni kweli. Aidha, mtu asiyelala wiki nzima, asiyekula, au anayezungumza habari ya kujidhuru, asiachwe na pole tu. Apelekwe hospitali, na asiende peke yake. Sikusema kwamba neno ni dawa. Nasema kwamba mgonjwa hafiki kwenye dawa mpaka mtu fulani aseme naye neno ambalo hakulikimbia. Aliyechekwa alipofungua kinywa mara ya kwanza hataki kukifungua mara ya pili, hata mbele ya daktari.

Mambo yalibadilika. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, hesabu zikaanza tena kutolewa, na tarehe 28 Julai alichanjwa hadharani. Kimsamiati tukapata UVIKO-19, jina kamili la kitu chenyewe. Wageni wakarudi; mwaka 2023 walizidi milioni moja na laki nane, wakaipita hesabu ya 2019. Magari yanapanda tena kuelekea Lodoare, na mtu apitaye Karatu leo aweza kudhani hapakutokea kitu.

Lakini maandishi hayafi kwa sababu wageni wamerudi. Yale yaliyoandikwa bado yamo ndani ya simu, na yale yaliyosomwa bado yamo ndani ya watu. Balaa jingine litakuja, liwe la maradhi, la ukame au la siasa, na tutashika simu zetu tena. Kwa hiyo namwomba msomaji, kabla hajarusha ujumbe mbele, afanye uhakiki mdogo wa dakika moja. Je, unataja kitu kwa jina lake? Unamjua atakayeusoma, sebule yake na mfuko wake? Na akikujibu usiku wa manane, utakuwepo? Kama jawabu ni hapana, futa. Kisha mpigie mtu huyo umwambie pole, umwulize amekula nini, unyamaze, umsikilize.